Uzi: Ukinunua gemu ukiwa Linux, hakikisha mauzo yanaandikwa Linux

Kaka Pengwini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Microsoft wakatishe huduma ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, haipiti wiki bila mtu kuuliza habari za kuhamia Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, na laptop yake ya zamani. Swali la kwanza huwa ni Microsoft Office, la pili magemu. Majibu ni yaleyale: weka Steam (duka la magemu la mtandaoni), washa Proton (chombo chake cha kuchezesha magemu ya Windows ndani ya Linux), cheza. Ni sahihi, sina ugomvi nayo. Ila kuna mtu hatumtaji kabisa kwenye hayo mazungumzo, naye ni yule aliyekesha akitengeneza hilo gemu. Yeye anajuaje kwamba wewe uko Linux?

Kila mtengenezaji aliyeko Steam ana ukurasa wake wa mauzo, anaona nakala ngapi zimeenda Windows, ngapi Mac, ngapi Linux. Proton ilipotoka Agosti 2018 watu wakaingiwa na hofu: kama nacheza gemu la Windows kwa kupitia Proton, si nitaandikwa mtu wa Windows? Mhandisi wa Valve, kampuni yenye Steam, akajibu hadharani kwamba utaratibu ni uleule wa siku zote. Zikiisha wiki mbili tangu ununue, kama muda mwingi umechezea Linux, yanaandikwa mauzo ya Linux, na Proton inahesabiwa Linux.

Sasa chukulia jamaa mwenye mifumo miwili kwenye mashine moja. Ananunua gemu Ijumaa, analipiga wikendi nzima akiwa Windows kwa sababu uvivu wa kuwasha upya, mwezi unaofuata ndio anakumbuka Linux. Kwenye daftari la mtengenezaji huyo ni mteja wa Windows. Halafu jamaa huyohuyo ndiye wa kwanza kulalamika kwamba "hawatujali".

Na hili la kununua upande usio wako liliwahi kuchangia kuua kampuni. Loki Software ilianzishwa Marekani mwaka 1998, kazi yake ikiwa kulipia haki za magemu yenye jina na kuyahamishia Linux: Civilization: Call to Power, Heroes of Might and Magic III, SimCity 3000, Quake III Arena. Boksi dukani, CD ndani. Watu wa Linux walisifia kweli. Lakini boksi la Quake III la Linux lilichelewa kufika, wengi wakaenda kuchukua la Windows, kisha wakashusha faili la Linux bure mtandaoni na kulichezea hapohapo. Walicheza Linux, pesa ikaandikwa kwingine. Kulikuwa na matatizo ya uendeshaji pia, tusidanganyane, lakini mauzo yalikuwa madogo mno. Agosti 2001 Loki ikaenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai, Januari 2002 ikafunga milango. Kilichobaki ni SDL, maktaba ya programu aliyoianzisha mwaka 1998 Sam Lantinga, aliyekuja kuwa mhandisi wa Loki, ambayo mpaka kesho magemu kibao yanaitegemea kwa sauti, kibodi na dirisha la picha. Sam mwenyewe baadaye akaishia Valve.

Upande wa pili, Mei 2010 kilitoka kifurushi cha kwanza cha Humble Indie Bundle. Ndani kulikuwa na World of Goo, Aquaria, Gish, Lugaru na Penumbra: Overture, unalipa unachotaka, hata senti moja. Wakaweka wazi wastani wa malipo kwa kila mfumo. Watu wa Linux, wale ambao sifa yao ni kupenda vya bure, walikuwa wanalipa karibu mara mbili ya watu wa Windows. Mauzo yakapita dola milioni moja. Mnaona? Aliyeruhusiwa kulipa senti akalipa zaidi, kwa sababu alijua anahesabiwa na namba ziko ukutani kila mtu anaziona.

Hoja yangu ni hiyo tu. Nunua, ila nunua kwa namna ambayo mtengenezaji ataiona Linux kwenye hesabu zake. Nawasilisha.


Nusu Bando

Mkuu umeshusha nondo, ila tuwe wakweli. Bongo nani ananunua gemu? Jamaa wa stationery anakujazia flashi magemu ya kukraki kwa buku tano, unarudi nyumbani na chenji ya chipsi. Dola 60 kwa gemu moja si kodi ya chumba hiyo?


Kaka Pengwini

Nusu Bando, sikuja kuhubiri, na dola 60 hata mimi sitoi. Ila nani kasema lazima uanzie huko? Stardew Valley, gemu la shamba, limetengenezwa na mtu mmoja, toleo la Linux lipo tangu Julai 2016, halifiki hata GB moja, yaani ni rafiki wa bando, na likiwa kwenye punguzo unalipata kwa bei ya kuku wa kuchoma. Kule itch.io kuna magemu unalipa unachoweza, na mtengenezaji mwenyewe ndiye anayeamua duka lichukue asilimia ngapi. Asiporekebisha kitu inabaki 10. Linganisha na Steam inayoanzia 30, ikishuka mpaka 25 kwa anayepitisha mauzo ya dola milioni 10, na 20 akipitisha milioni 50. Mpangilio wa kuchekesha huo, mkubwa ndiye anayepunguziwa. Kwa hiyo buku tano yako ya flashi, ukiipeleka itch kwa mtu mdogo, karibu yote inamfikia.

Ninachokiogopa kuliko flashi ni maduka ya mitandaoni yanayouza funguo za Steam (namba za kufungulia gemu) kwa bei ya kutupa. Baadhi ya funguo hizo zimenunuliwa kwa kadi za wizi. Mwenye kadi akidai benki pesa yake, anayekatwa ni mtengenezaji, na juu yake anatozwa faini. Mwaka 2019 Mike Rose wa No More Robots, wachapishaji wadogo wa Uingereza, alisema waziwazi kwamba bora mtu aharamie magemu yao kuliko kuyanunua G2A, moja ya maduka hayo. Hebu fikiria mfanyabiashara anafika mahali pa kukwambia heri uniibie.


Mtoto wa Kisauni

Hilo la funguo nalitolea ushahidi. Duka moja, jina silitaji, lilinipa ufunguo uliokwisha kutumika. Kuwaandikia ni kama kupigia ukuta hodi, wananitumia jibu la mashine kila siku.

Kwa walio Kenya, malipo sasa si shida kama zamani. Tangu 2022 kuna M-Pesa GlobalPay, unatengeneza kadi ya Visa ya mtandaoni humohumo kwenye M-Pesa, waijaza namba zake Steam, basi. Shida ni kwamba Steam haina shilingi, si ya Kenya wala ya Tanzania. Twauziwa kwa dola, bei ileile ya Mmarekani, wakati Mhindi na Mbrazili wana bei zao za nyumbani. Kwa hivyo mimi husubiri punguzo la kiangazi na la Desemba, nanunua ya mwaka mzima.

Swali langu kwako kaka: nikisubiri punguzo mpaka gemu lifike dola tano, huyo mtengenezaji namsaidia kweli au nampa pole?


Kaka Pengwini

Wamsaidia, ndugu yangu wa Mombasa. Punguzo kaliweka yeye mwenyewe. Asiyetaka kupunguza hapunguzi: Wube, wale Wacheki wa Factorio (gemu la kujenga viwanda), wana msimamo wa kutoshusha bei kabisa tangu waanze. Januari 2023 waliipandisha kutoka dola 30 hadi 35, na watu wakaendelea kununua.


Damu ya Tux

Naona mnazunguka mbuyu. Msimamo wangu ni mmoja: hakuna Tux (yule pengwini wa Linux), hakuna hela. Gemu lisilo na toleo halisi la Linux, yaani lililoandikwa kwa ajili ya Linux lenyewe, silinunui. Proton ni kitanda cha kulalia wavivu. Mtengenezaji anaandika Windows, Valve wanafanya kazi yake bure, halafu mnampelekea pesa na kumpigia makofi. Mkiendelea hivi hakuna atakayeandika tena kwa ajili ya Linux. Feral Interactive walituhamishia Alien: Isolation, Mad Max, XCOM. Leo wako wapi? Proton imewanyang'anya tonge mdomoni.


Kaka Pengwini

Damu ya Tux, nakuheshimu, na la Feral ni kweli. Siku hizi nguvu zao nyingi ziko kwenye simu na Nintendo Switch. Lakini tuangalie toleo halisi linamgharimu nini mtu mdogo.

Planetary Annihilation lilikuwa na toleo halisi. Mwaka 2019 mmoja wa walioandika gemu hilo, Ben Golden, alisema Linux ilikuwa chini ya asilimia 0.1 ya mauzo, lakini asilimia zaidi ya 20 ya ripoti za gemu kujifunga na maombi ya msaada, nyingi zikiwa za draiva za kadi za picha. Akasema akianza upya hagusi Linux. Rocket League nalo, Machi 2020 wenye gemu, Psyonix, walizima matoleo ya Linux na Mac kwa maelezo kwamba yote mawili kwa pamoja hayafiki asilimia 0.3 ya wachezaji. Walionunua wakaruhusiwa kudai pesa zao. Na toleo la Windows la gemu hilohilo? Likawa linachezeka kwa Proton.

Tena toleo halisi lililotelekezwa linaoza. Limejengwa kwa maktaba za 2014, mfumo wako ni wa mwaka huu, linagoma kufunguka. Mara ngapi tumeshauriana humu "lazimisha Proton" kwa gemu ambalo lina toleo la Linux? Wine, msingi wa Proton, inapigwa nyundo tangu 1993, DXVK inayotafsiri amri za picha za Windows (Direct3D) kwenda Vulkan inayoeleweka na Linux ina mtu anayelipwa na Valve kuitunza, CodeWeavers wanaoiendeleza Wine wapo. Si wavivu hao. Gemu la mtu aliyefunga ofisi linaendelea kuishi kwa jasho lao.

Kwangu mimi toleo halisi ni zawadi kwa anayeweza kulitunza. Factorio ni mfano mzuri maana kule Linux unapata kitu ambacho wa Windows hana. Kiwanda kikishakuwa kikubwa, kuhifadhi mchezo kunakugandisha sekunde kadhaa. Kwenye Linux kuna mpangilio wa kuwasha ambapo programu inajigawa mbili papo hapo: nakala moja inaandika diski kimyakimya, nyingine inaendelea na mchezo kama hakuna kilichotokea. Windows haina njia ya kujigawa namna hiyo, kwa hiyo wanasubiri. Ndani ya Wube kuna watu wanaoitumia Linux, hawakuhitaji kususiwa na mtu.

Na angalia kilichotokea baada ya Steam Deck, mashine ya mkononi ya magemu ya Valve, kutoka Februari 2022. Ndani yake ni SteamOS, ambayo ni Arch, aina mojawapo ya Linux, iliyovishwa nguo. Septemba 2025 Larian wakatoa toleo halisi la Baldur's Gate 3 kwa ajili ya Deck, gemu ambalo tayari lilikuwa linachezeka kwa Proton. Wakasema wazi kwamba Linux ya mezani hawaiungi mkono rasmi, ni Deck tu. Sawa. Walifuata wachezaji waliokuwa tayari wapo, wamenunua, wanaonekana kwenye hesabu. Ukisusa unakuwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo.


Damu ya Tux

Sijashawishika, ila ya Factorio umenipata. Naendelea kususia wakubwa. Wadogo nitawaangalia.


Fundi Godoti

Nimesoma kimya, ngoja niseme kama mtu anayetengeneza vigemu vidogo kwa Godot, programu ya kutengenezea magemu.

Kutoa toleo la Linux kwenye Godot ni kubofya kitufe. Kazi inakuja baadaye. Mfano, kwa mafaili yanayokaa nje ya kifurushi cha gemu: kwenye Windows "Picha.png" na "picha.png" ni faili moja, kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti. Unajaribu kwako kila kitu safi, mteja wa Linux anafungua, nusu ya picha hazipo. Kasoro ni ya uzembe wangu wa kuandika majina, lakini Linux ndiyo imeianika.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda ni wa ΔV: Rings of Saturn, gemu la kuchimba madini kwenye pete za Zohali, nalo limejengwa kwa Godot. Oktoba 2021 mtengenezaji wake aliweka namba zake hadharani. Alikuwa ameuza nakala zaidi ya 12,000, kati ya hizo 700 hivi ni za Linux, yaani asilimia 5.8. Ripoti za kasoro alizopokea zilikuwa 1,040, na karibu 400 zimetoka kwa watu wa Linux, asilimia 38. Ukiishia hapo utasema kama yule wa Planetary Annihilation, Linux ni balaa. Lakini alipozichambua, katika hizo 400 ni tatu tu zilizokuwa za Linux peke yake. Zilizobaki zilikuwa kasoro za wote, wa Windows wanazipata vilevile ila wananyamaza au wanaandika "gemu bovu" na nyota moja. Kwake yeye wale 700 walikuwa kikosi cha wakaguzi wa ubora wanaomlipa badala ya kulipwa.

Kwa hiyo mkishanunua, andikeni ripoti. Na siyo "haifunguki, rekebisha". Ripoti inayonifaa ni kama hii: "Natumia Fedora 42, kadi ya AMD, draiva Mesa, Wayland. Nikibofya Pakia gemu linajifunga, lakini tu kama jina la faili lina nafasi katikati. Nimerudia, inatokea kila mara. Logi nimeambatanisha." Hiyo naimaliza kabla chai haijapoa. Logi za gemu la Godot kwa kawaida ziko ~/.local/share/godot/app_userdata, kwenye folda yenye jina la gemu. Kwa gemu la Proton, nenda kwenye sifa za gemu ndani ya Steam, sehemu ya chaguo za kuanzishia andika PROTON_LOG=1 %command%, lianzishe mpaka liharibikiwe, utakuta faili linaloanza na "steam-" kwenye folda yako ya nyumbani.

Na mkirudisha gemu msiogope kuandika sababu. Steam inakurudishia kama hazijapita siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili, na yale maelezo mafupi unayojaza sisi tunayasoma. "Nimerudisha, kwenye Linux sauti haitoki" lina faida kwangu kuliko kimya.


Kaka Pengwini

Fundi, hii ningeiweka juu kabisa ya uzi kama ningeweza.


Mzee wa Kibubu

Samahani wajuzi, mimi mgeni wa haya mambo. Kijana wangu kaniwekea Linux Mint, nimeona Steam, nimefurahi. Kuna mwenzangu anapenda GOG, duka jingine la magemu, kwa sababu gemu unalishusha faili zima unalitia kwenye diski, hata kampuni ikifa unalo. Je, huko nako Linux inahesabiwa?


Kaka Pengwini

Shikamoo mzee. GOG walianza kuuza magemu ya Linux Julai 2014, wakaanza na kama 50. Likiwa na toleo la Linux unashusha faili lake la kusakinisha, unalitunza, hakuna ulinzi wa kukufungia nje. Programu yao ya Galaxy hawajailetea Linux, kwa hiyo wengi tunatumia Heroic, ambayo imeandikwa na jamii ya watumiaji wenyewe. Ushauri wangu: gemu likiwa na nembo ya pengwini GOG, chukua huko kwa amani. Likiwa la Windows tupu na unataka kulichezesha kwa Proton, ni afadhali Steam, maana ndiko nina uhakika Proton inaandikwa Linux.

Kabla hujatoa pesa, pitia ProtonDB, tovuti ambapo wachezaji wanayapa magemu alama kwa jinsi yanavyochezeka kwa Proton, uone wenzako wameandika nini. Dhahabu na platinamu nunua. Chini ya hapo soma maoni ya karibuni, siyo ya miaka mitatu nyuma, Proton inabadilika haraka.


Nusu Bando

Aya mmenishinda, nimeweka Stardew kwenye orodha ya matamanio. Sasa swali la maana: lile gemu la mpira la EA, FC, je? Jumamosi bila FC mimi siishi.


Kaka Pengwini

FC usahau, na usinunue ukidhani utalitafutia ujanja. Tangu FIFA 23 EA waliweka kizuia udanganyifu chao kinachokaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, na hicho Proton haikigusi. Apex Legends lilikuwa linachezeka vizuri kabisa Linux, Oktoba 2024 EA haohao wakalifungia kwa maelezo kwamba wadanganyifu wanapitia huko. Kinachokera ni kwamba vizuia udanganyifu vingine, Easy Anti-Cheat na BattlEye, vyote vinaikubali Proton tangu 2021, ni mwenye gemu tu aamue kuiruhusu. Wengine wanaruhusu, wengine hawataki hata kusikia.

Kwa hiyo FC nenda kibanda cha PlayStation hapo mtaani kwenu, lipia mechi zako, ukirudi endelea na shamba lako la Stardew.


Nusu Bando

Kibandani nadaiwa mkuu.